Mwanagenzi wa Karatasi

Niligundua kwamba nimekuwa nikisomea ukataji wa nyama kwa mwaka mmoja na miezi minne siku niliyotumwa kutoa nakala za faili.

Ofisi yetu iko ghorofa ya tatu, hatua chache kutoka River Road, juu ya duka la mabomba na misumari. Mashine yetu ya kutoa nakala ilikuwa imegoma, kama ilivyozoea, kwa hiyo bosi akanipa faili la kahawia na kuniambia nishuke kwa watu wa kuchapisha. Foleni ya pale chini haina adabu. Kuna mwenye kadi za harusi, mwenye risiti za kanisa, mwenye picha za marehemu, na kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake. Nikiwa nimebanwa kati ya bwana harusi na mfiwa, nikalifungua faili ili nipitishe muda.

Lilikuwa la kibali cha kazi cha mgeni wetu. Kampuni yetu hununua ng'ombe, wakachinjwa Dagoretti, na nyama ikakatwa kwa mtindo unaotakiwa na mahoteli ya Westlands na wanunuzi wa nchi za Ghuba. Mtindo huo bosi aliona hakuna Mkenya anayeuweza, akamleta Mmisri mmoja wa miaka hamsini na kitu, fundi aliyeshika kisu tangu utotoni. Alipewa kibali cha miaka miwili. Kilikuwa kimebakiza miezi minane, na bosi wetu si mtu wa kungoja dakika ya mwisho, ndiyo maana faili lilikuwa limeshatolewa kabatini.

Ukurasa wa nne ulikuwa na jina langu. Nambari ya kitambulisho changu, nakala ya diploma yangu ya sayansi ya vyakula, sahihi yangu. Chini yake, kwa Kiingereza kilichonyooka, iliandikwa kwamba mwanagenzi ameonyesha bidii na maendeleo ya kuridhisha katika kukata, kutenganisha na kupanga nyama.

Nilicheka kwa sauti. Bwana harusi akageuka kunitazama.

Wasiojua niwaeleze. Mgeni akija kufanya kazi ambayo Mkenya haijui, mwajiri hutakiwa kumweka Mkenya kando yake ajifunze, ili siku mgeni akiondoka ufundi ubaki. Mkenya huyo ndiye mwanagenzi. Mimi nilikuwa mpokeaji wageni. Kazi yangu ilikuwa simu, barua na chai ya watu wanaokuja kuonana na bosi. Machinjio ya Dagoretti nilikuwa nimeyapita kwa nje tu, nikiwa nimeziba pua.

Sahihi ilikuwa yangu kweli. Wiki ya kwanza kazini niliwekewa rundo la karatasi mezani na kuonyeshwa kwa kidole pa kutia sahihi. Ukiwa umetafuta kazi miaka mitatu, na diploma yako imeanza kuvunjika kwenye mikunjo ndani ya bahasha, husomi kila ukurasa. Unatia sahihi na kusema asante.

Kilichoniuma hakikuwa uongo wenyewe. Uongo mdogo mdogo wa ofisini nimeuzoea. Kilichoniuma ni kwamba kulikuwa na mwanamke wa karatasi mwenye jina langu na masomo yangu, na mwanamke yule alikuwa na ufundi mkononi. Mimi nilikuwa na simu. Nilimwonea wivu. Mama yangu husema nilizaliwa nikigombana na mkunga, na siku hiyo nilipanda zile ngazi nikiwa tayari kugombana na yeyote.

"Boss, hii ni nini?"

"Hiyo? Hiyo ni formality," akasema bila kuinua macho. "Immigration wanataka jina ya Mkenya, tukawapa jina ya Mkenya. Kwani shida iko wapi?"

"Imeandikwa najua kukata nyama."

"Si ni poa? CV yako imekuwa kali."

"Sijawahi kushika kisu ya huko hata siku moja."

Akaweka kalamu chini. Si mtu mbaya, na hata leo sisemi ni mtu mbaya. Ni mtu aliyezoea kuona karatasi na kazi kama ndugu wasiosalimiana. "Sasa unataka nifanye nini?"

"Nataka iwe kweli."

Akaziangalia kucha zangu. Zilikuwa nyekundu na ndefu, nimetoka kuzipaka Jumamosi. "Na hizo kucha?"

"Kucha hukatwa."

Alicheka mpaka akajifuta macho. Kisha akaniandikia barua ya mistari mitatu. Niende Dagoretti asubuhi tu, saa nne niwe nimeshafika kwa meza yangu, simu zisikose mtu. "One week," akasema akinikabidhi. "Utarudi ukilia baridi." Nadhani ni kicheko kile kilichonipeleka, kuliko hata diploma.

Ninaishi Kawangware, kwa hiyo Dagoretti si mbali. Kesho yake saa kumi na mbili nilikuwa langoni nikiwa na gambuti za kuazima, kucha fupi kama za mtoto wa shule. Makorongo walikuwa wamejipanga juu ya paa wakisubiri utumbo kwa subira ambayo mimi sijajaliwa. Chumba cha kukatia kilikuwa nyuma kabisa. Baridi yake huingia kwanza kwenye meno. Nusu za ng'ombe zilining'inia kwenye kulabu, zimepigwa muhuri wa mkaguzi, na kati yake kulikuwa na wanaume watatu wa kubeba na kufunga, pamoja na yule Mmisri.

"Sasa madam, umepotea?" mmoja wao akaniuliza. "Ofisi iko tao."

"Sijapotea. Nimekuja kazi."

"Kazi gani?"

"Ya kisu."

"Wee! Mama na kisu, wapi na wapi!" Wakaangua kicheko. Kicheko cha pili ndani ya siku mbili. Nikakihifadhi.

Fundi mwenyewe wote pale walimwita Haji, ingawa hakuwa amewahi kufika Maka. Mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia meza, masharubu meupe. Kiswahili chake alikiokota machinjioni, kipande hapa kipande pale. Akaisoma barua ya bosi pole pole, akaikunja ikawa ndogo kabisa, akaitia mfukoni.

"Binti, hapa baridi," akasema. "Ofisi iko mzuri."

"Nimekuja kujifunza, Haji."

Akanisukumia kinoo. "Haya. Kwanza noa."

Nilinoa wiki tatu. Kila asubuhi nilikuta visu vyake sita na kinoo chenye maji, na nilipomaliza alivigusa kwenye ukucha wa dole gumba, akarudisha vinne. Sikulalamika. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama mpaka kiuno kikanijua. Lakini wiki ya tatu nikaona jambo. Kila alipofika mahali pagumu, pale kisu kinapoingia kwenye maungio na mguu mzima kufunguka kama mlango, alinipa mgongo. Mwanzoni nilidhani ni nafasi ndogo. Nikahamia upande wa pili wa ng'ombe, naye akageuka. Nikazunguka, akazunguka. Tulizungukana mzoga ule kama watoto wanaofukuzana kwenye mlingoti, hadi wale wanaume wakaacha kazi kututazama.

"Haji," nikasema, "unanificha nini?"

Akashusha kisu. Hakukataa. "Wewe ukijua hii," akasema, "mimi naenda nyumbani."

Halafu akanieleza. Alikuwa na binti mmoja kwao, anasomea udaktari wa meno, amebakiza miaka miwili na ushee. Kibali kikiongezwa, binti atamaliza. Kisipoongezwa, yeye atarudi kwenye mji ambao una mafundi wa nyama wengi kuliko ng'ombe. Ile fomu yenye jina langu alikuwa anaielewa kuliko bosi na kuliko mimi. Kila kitu atakachoniachia mkononi ni sababu ya serikali kumwambia kwaheri. Alisema haya bila kunilaumu, na kukosa lawama huko ndiko kulikonimaliza.

Siku hiyo ofisini nilipokea simu nisisikie zinasema nini. Nilimhurumia kwa moyo wangu wote, na nilimkasirikia kwa moyo huo huo. Binti yake atakuwa daktari, sawa. Na mimi? Mimi pia ni binti wa mtu. Baba yangu aliuza kipande cha shamba nikasome vyakula, na vyakula nilivyovijua baada ya hapo ni maandazi ya kuwapa wageni wa bosi. Waswahili husema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimpa mgeni jembe, tukampa na shamba, kisha tukaandika kwenye karatasi kwamba tunalima naye. Kama nisingejifunza kazi ile sasa, nikiwa na barua na ruhusa na mwalimu mbele yangu, nisingejifunza kamwe. Nikakata shauri.

"Nimekuelewa, Haji," nikamwambia asubuhi iliyofuata. "Lakini sirudi kuwa mtu wa simu tu. Usiponifundisha nitasimama hapa mpaka mgongo wako unifundishe."

Akaguna. Akaendelea na kazi, na mimi nikasimama. Nilijifunza bega lake linashuka lini, kiwiko kinasita wapi. Siku ya tano au ya sita hivi, nadhani alichoka kutazamwa. Akainua kipande cha nyama na kuuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kuonyesha kwamba mwenzake hajui lolote, "Hii nini?"

"Hiyo ni ya wajomba," nikajibu.

Akanitazama. Akagusa kidari. Nikamwambia hicho ni cha wakwe. Shingo ni ya waliochimba kaburi. Mbavu za upande huu ni za wazee wa ukoo, za upande ule ni za majirani waliolala matangani. Nikamaliza ng'ombe mzima, kutoka kwato hadi kichwa, bila kukosea mahali.

Kwetu magharibi, ng'ombe wa mazishi hagawiwi ovyo. Kuna mtu maalumu anayejua fungu la kila mtu, na ukikosea fungu la mjomba unaweza kuamsha ugomvi utakaozidi kilio. Kaka wa babu yangu ndiye aliyekuwa mgawaji huyo katika vijiji vyetu. Kisu wanawake hawakigusi. Lakini lazima awepo mtu wa kupeleka mafungu kwenye majani ya mgomba, na mtu huyo kwa miaka mingi nilikuwa mimi, msichana mwenye miguu ya mbio. Sikujua kwamba najua. Nilikuwa nimembeba ng'ombe mzima kichwani tangu utoto, amekatwa tayari, kila kipande na mwenyewe.

"Nani alifundisha wewe?" Haji akauliza.

"Mazishi."

Sijui kama alielewa. Lakini alichomoa kisu kimoja kati ya vile sita, akanipa kwa upande wa mpini, akanionyesha mguu wa nyuma uliokuwa mezani.

Hapo ndipo nilipofanya kosa ambalo hadi leo wale wanaume wananitania nalo. Nilifuata nyama vizuri, nikapata maungio, nikafungua. Niliona fahari imenijaa kifua. Kisha nikaweka mbele yake vipande vizuri vya paja, kila kimoja kina mfupa wake ndani. Nyama ya hoteli ile ilitakiwa isiwe na hata chembe ya mfupa. Lakini mkono wangu ulikuwa mkono wa nyumbani, na nyumbani fungu lisilo na mfupa ni tusi, ni la mgonjwa asiye na meno. Sikufikiri hata kidogo. Niligawa.

Haji akavigeuza vile vipande kimoja kimoja. "Hii ya nani?"

Nikaona nilichofanya. Mashavu yakaniwaka kwenye baridi ile. "Ya mjomba," nikasema.

Alicheka. Kwa mara ya kwanza nilimsikia akicheka, kicheko chembamba kisicholingana na urefu wake. Akasema na yeye ana mjomba, ndugu ya mama yake, na huyo mjomba akipewa nyama bila mfupa kwenye sikukuu huondoka na viatu mkononi asisubiri hata kuvivaa. Vile vipande tulimuuzia mwenye bucha wa hapo nje. Kisha Haji akavuta mguu wa pili, akasimama upande wangu wa meza, bega kwa bega nami, na hakunipa mgongo tena.

Miezi iliyofuata ilikuwa kazi tupu. Mabucha yetu hukata nyama kwa shoka juu ya gogo, mfupa na yote, twende kazi. Yeye hakupasua kitu. Alinifundisha kwamba nyama ina mishono kama nguo, na kisu hufumua tu pale ilipounganishwa. Kidole cha mkono wa kushoto hutangulia kutafuta mshono, kisu hufuata. Nilijikata mara mbili, mara moja vibaya, nikashonwa. Kila mfupa niliomaliza aliuchukua, akaukwangua kwa ncha ya kisu, na kuniwekea mezani vipande vya nyama nilivyoacha. Siku nyingine vilitosha supu. Nilimchukia siku hizo, na nilirudi kesho yake.

Saa nne nilikuwa River Road, nimeoga lakini nanukia mafuta ya ng'ombe. Wageni wa bosi walivuta pua. Nilipokea simu zao kwa adabu zote.

Mwezi wa sita mguu wa nyuma ulinikubali. Mkono wa mbele ulikuwa na kiburi zaidi, kwa sababu bega lina mfupa bapa uliojificha, na ukiuvuta kwa pupa unachana nyama yote inayouzunguka. Nilichana mengi. Kisha asubuhi moja niliuvuta ukatoka mzima, mweupe, kama sahani iliyotoka kuoshwa. Haji akauchukua. Nikasubiri akwangue. Aliugeuza huku na huku, akautupa kwenye ndoo ya mifupa, akaenda kunywa chai. Niliimba moyoni hadi jioni.

Sasa kibali kilikuwa kimekaribia kufika mwisho, na ripoti ilitakiwa. Bosi akaniita kwake nyumbani Spring Valley siku ya Jumamosi nikatie sahihi. Tulikaa barazani, mbwa wake mkubwa akininusa gambuti nilizotoka nazo Dagoretti kwa mapenzi ambayo sijawahi kuyapata kwa mbwa wa tajiri. Ripoti aliyokuwa ameiandika ilisema mwanagenzi amefundishwa miaka miwili na bado anahitaji mingine miwili.

"Ni miezi minane, Boss. Si miaka miwili."

"Fomu ya kwanza inasema two years."

"Basi hiyo fomu ndiyo ilidanganya. Mimi siweki sahihi."

Akavuta pumzi. "Sikiza. Ukiandika unajua, wanamrudisha kwao. Ndiyo unataka?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikilikimbia. Hapana, sikutaka. Nilikuwa nimempenda yule mzee kama mtu anavyompenda mwalimu aliyemkatalia kwanza. Nikamwomba bosi afungue meza ya pili, tukate wote wawili. Akatikisa kichwa. Meza ya pili, akasema, ni sababu ya kuajiri Mkenya wa pili, si ya kumweka mgeni. Alikuwa sahihi, nikamwona ana akili siku ambayo nisingependa awe nayo. Mwisho tuliandika miezi minane, na chini yake orodha ya kazi nilizofanya kwa mkono wangu. Kama nimefuzu au sijafuzu hatukuandika. Akatia sahihi shingo upande, kwa kuwa alikuwa ameshaambiwa maafisa watakuja kujionea wenyewe.

Walikuja siku ya Jumanne, wawili. Mkubwa wao alikuwa mama wa makamo, mpole wa sauti, macho hayalali. Alivaa gambuti na koti jeupe kama sisi, akakataa kiti. Bosi alikuwa mlangoni, simu mkononi haiiti.

"Ni wewe understudy wa huyu mzee?" akaniuliza.

"Ni mimi, madam."

"Umesoma hii kazi miaka miwili?"

"Miezi minane."

Akaangalia faili, akamwangalia bosi, akarudi kwangu. Akaliandika hilo. Kisha akasema, "Nionyeshe."

Nilianza na mguu. Mkato wa kwanza ulikwenda upande, halafu kidole kikapata mshono na nikasahau kwamba kuna watu. Nikamaliza mguu, nikashusha mkono wa mbele. Wale wanaume watatu walikuwa wamesimama ukutani kama walio kanisani. Nilipovuta mfupa wa bega ukatoka safi, mmoja wao akasema "Eeh!" kisha akajiziba mdomo.

Yule mama akamgeukia Haji. "Mzee, nakuuliza wewe kwa sababu wewe ndiye unajua. Huyu anaweza kufanya kazi yako?"

Niseme wazi. Neno "bado" lingetosha. Hakuna ambaye angembishia, na lingempa binti yake miaka miwili. Nilitaka aliseme. Miezi minane nilikuwa nimepigania nafasi pale mezani, na wakati ule nilimwomba Mungu wangu na wake amtie mzee yule uongo mdomoni.

"Anaweza," Haji akasema.

Afisa akanigeukia. "Na wewe unasemaje?"

Hapo nikajua kwamba bado kuna mlango mmoja. Ningesema naogopa, sijawa tayari, mzee ananisifu tu kwa wema. Ningemwokoa. Nikamtazama Haji. Alikuwa amesimama wima, ule mgongo wake uliopinda ameunyoosha wote, na alinitazama jinsi alivyotazama mifupa yangu kabla ya kuikwangua. Nikaelewa kwamba nikisema bado, nitakuwa nimemfanya mwongo mbele ya watu, na kwa kazi aliyoifanya vizuri kuliko zote.

"Naweza," nikasema. Sauti ilitoka kubwa kuliko nilivyokusudia.

Yule mama akaandika, akafunga faili, akashukuru, akauliza choo kiko upande gani. Haji ndiye aliyempeleka.

Jibu lilikuja baada ya wiki chache, na lilikuwa lile tulilolijua: kibali hakikuongezwa. Lakini siku ile ile, gari la maafisa lilipoondoka na bosi akawafuata, tulibaki na ng'ombe wawili wa kumaliza, kwa kuwa hoteli haijui habari za vibali. Tulikata bila kuzungumza hadi nikashindwa.

"Kwa nini, Haji? Ungesema bado tu. Nani angejua?"

Hakuacha kisu. "Mimi nikisema wewe hujui," akasema, "miaka miwili mimi nilikuja hapa kufanya nini?"

Nililia. Nililia pale pale mbele ya wanaume wote, bila aibu, na nilipoinua mkono nijipanguse akanishika kifundo akanizuia.

"Na bega," akaniambia. "Futa na bega. Mkono ni ya nyama."